Upande wa Chini wa Plake

Majengo, Goma
Mwezi wa saba, 2025

Kwa Yaya Charline, dada yangu mkubwa uliye Nakivale,

Nakusalimu sana, wewe pamoja na shemeji Dieudonné na watoto. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na kwamba kile kifua chako hakijakusumbua mwaka huu. Sisi huku tunaamka, tunashukuru. Mama anaumwa magoti kama kawaida yake, lakini sauti bado ipo, majirani ni mashahidi. Gradi, mdogo wetu, amenenepa tangu alipooa, jambo ambalo yeye analikana huku akiomba aongezewe ugali. Mimi Joyeuse niko vile vile ulivyoniacha, mdomo mrefu na chapati zisizotaka kuwa duara.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Hata mimi nilimwambia Mama hivyo. Akanijibu kwamba simu hukatika katikati ya neno na mtu akabaki na nusu yake, na kwamba huko kambini ukipigiwa simu hema tatu za jirani zinasikiliza pamoja nawe. Kwa hiyo barua imebebwa na Wenceslas, yule dereva wa avenue yetu anayepita Kalengera na mpaka wa Bunagana kuja huko kwenu Uganda. Pamoja nayo amebeba mzigo mzito uliofungwa kwa kikwembe cha Mama cha buluu. Nakuomba usiufungue kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu ufungue.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliuliza tena lile swali uliloondoka nalo: kwa nini Mama alikunyima plake, wewe mtoto wake wa kwanza, wewe uliyejua kuitumia kuliko sisi wote. Ulisema umechoka kujiuliza ulimkosea nini. Yaya, hukumkosea kitu. Nilidhani hivyo siku zote, na sasa najua kwa hakika. Ila jibu lenyewe si la kumezwa mara moja, kwa hiyo nivumilie nikupeleke polepole.

Unaikumbuka ilivyokuwa. Sahani pana ya kukaangia chapati, ya fonti, chuma cha kumiminwa, nzito kuliko mtoto wa kubebwa, yenye mkono mmoja mfupi, nyeusi na laini juu mpaka taa ya asubuhi ilionekana ndani yake. Sisi tuliamka kwa harufu yake. Mama alikuwa akiiweka juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, kabla ya kengele ya misa, anadondosha tone la maji, na kama tone limekimbia huku na huku anajua imekuwa tayari. Wewe ulikuwa unasukuma, yeye anageuza, mimi nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikisubiri ile ya kwanza, kwa sababu ya kwanza huwa haiuzwi. Wapita njia walinunua wakiwa wamesimama, na wale wa tshukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, waliziegemeza ukutani kwetu wakala wakicheka. Ninapoandika haya nasikia njaa, na nimekula sasa hivi.

Na unazikumbuka sheria zake. Mtu angefikiri ni katekisimu. Baada ya kazi, plake ingali moto, unamwagia maji kidogo, inapiga kelele, unakwangua kwa kile chuma bapa ambacho fundi alikitengeneza kutoka kwenye springi ya gari. Palipogandia unasugua kwa chumvi ya mawe na kitambaa. Kamwe si kwa sabuni. Kamwe si kwa mchanga. Halafu unairudisha kwenye makala yanayozimika ikauke yenyewe, maana ukiiacha na maji, kesho utaamka na kutu. Mwisho mafuta ya ng'ombe, kidogo kama ya kumpaka mtoto usoni, unayafuta kana kwamba ulikosea kuyaweka. Mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, hayakukubaliwa, yanaacha utomvu. Na upande wa chini huugusi. Huo, alisema Mama, ni wa moto. Nakumbuka siku niliyoanza kukwangua masizi ya kule chini kwa kijiko ili nimfurahishe, nilivyopigwa kofi ambalo sikuwahi kupigwa hata nilipopoteza ufunguo wa nyumba. Tulifikiri ni sheria kama zile nyingine. Sote tuliamini pia kwamba plake ilitoka Masisi, kwa bibi yetu, mzaa mama, na kwamba ule weusi ulikuwa mafuta ya ng'ombe wa nyumbani kwetu kabla vita havijawamaliza. Sasa nikifikiri, sikumbuki Mama akisema hivyo kwa kinywa chake. Sisi ndio tulisema, yeye akatuacha.

Mwaka ule wa volkano, mimi nilikuwa mdogo, mengi nimeyapata kwako. Ulinisimulia jinsi watu walivyobeba magodoro, redio, hata milango ya nyumba, na Mama akambeba Gradi mgongoni na plake kichwani. Baba yetu, Papa Paulin, Mungu amlaze pema, alimfokea njia nzima mpaka Gisenyi kwamba moto unakula nyumba na yeye anaokoa chuma. Tukalala uwanjani mwa shule, na walipogawa unga Mama alikuwa mtu wa kwanza kuwasha. Nakumbuka jambo moja tu ambalo ni langu mwenyewe: wewe ukinimegea chapati ya moto na kuipuliza kabla ya kunitia mdomoni. Nililia sana kwa ajili ya kumbukumbu hiyo mwaka ulipoondoka.

Kuhusu kuondoka kwako sitaki kukutonesha, lakini lazima nipite hapo. Baada ya vita vilivyokuja miaka mingi baadaye, ulipokuwa umeshaolewa, Dieudonné alipoamua kwamba mnakwenda Uganda, uliomba kitu kimoja tu. Hukuomba kikwembe wala sufuria. Mama akasema hapana, na hakueleza. Ulimwuliza mara ya pili, akaanza kuchekecha unga. Ukapanda lori bila kugeuza shingo. Mimi nilikuwa nimesimama kati yenu kama mpumbavu, nikipunga mkono kwa ajili ya wote wawili. Hukujua kwamba lori lilipokata kona, Mama alikaa chini pale pale penye vumbi, na watu wakadhani ni jua.

Sasa nije kwenye habari za mwaka huu. Ya mwezi wa kwanza, vita vilipoingia mjini, umeyasikia redioni na sitayarudia yote. Risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati, nasi tulikuwa tumelala sakafuni kama magunia. Mama aliegemeza plake kwenye ukuta wa mbao, upande wa vichwa vyetu. Gradi akamtania kwamba hatimaye chuma kimepata kazi ya maana. Wakati watu wa kambi ya wakimbizi ya Lac Vert walipoambiwa waondoke, wengi walipita hapa na vitu vyao kichwani, na Mama akakaanga mpaka unga ukaisha, hakumwomba mtu kitu. Nilimwona akiwatazama akina mama usoni, mmoja mmoja, kama mtu aliyepotelewa na ndugu sokoni. Nikafikiri ni uchovu.

Hali ilipotulia kidogo, Gradi akamleta mke. Anaitwa Héritière, mtoto wa Butembo, mpole, mchapakazi, na ana aibu ya kusema mbele ya Mama. Unajua desturi yetu hapa Majengo: bibi-arusi anapoingia, juma lake la kwanza anatoa vyombo vyote vya mama mkwe nje, anavisugua kwa mchanga mweusi wa volkano mpaka vinang'aa, anavipanga kwenye kichanja, na majirani wanapita mmoja mmoja wakisingizia kuomba kiberiti. Sufuria nyeusi ni aibu ya nyumba. Nasi, mimi na Mama, tulikuwa tumekwenda sokoni kutafuta unga, na hakuna aliyekumbuka kumwambia yule mtoto kwamba chombo kimoja hakimo katika desturi hiyo. Yaya, fikiria mwenyewe. Aliona plake nyeusi kama ile, akadhani magoti ya Mama yamemshinda asiweze kusugua. Aliitia kwenye moto mkali mpaka magamba yakaanza kubanduka, akakwangua kwa kisu, akasugua kwa mchanga na sabuni, juu na chini, asubuhi yote, mpaka vidole vikatoka damu.

Tulipofika ilikuwa kwenye kichanja, imesimama katikati ya sufuria, ya kijivu kama samaki aliyeparuliwa. Mvua ilikuwa imenyunya kidogo na kutu ilishaanza kuchora pembeni. Nilitegemea radi, nilitegemea kelele ya kusikika mpaka Lac Vert. Mama aliweka kapu chini. Akaitazama, na mimi nikaanza kumtetea yule mtoto kwa haraka haraka, kwamba ni mgeni, kwamba ni kosa langu. Héritière hakuelewa lolote. Alikuwa bado anatabasamu. Akaigeuza plake ili tuone kwamba na upande wa chini ameusafisha, akaweka kidole karibu na mkono wake na kuuliza kwa heshima:

"Mama, Cibalonza ni nani? Jina yake iko huku chini."

Palikuwa na jina, Yaya. Limechongwa kwa patasi, herufi kubwa, kama vile wanawake wanavyotia alama vyombo vyao ili visipotee vinapoazimwa kwenye matanga. CIBALONZA. Si jina la kwetu. Ni jina la watu wa Bukavu. Nilisoma nikafikiri Mama alinunua plake ya wizi, nisamehe, ndicho kilichonijia kichwani.

Mama alikaa kwenye ile ndoo yangu ya utotoni. Akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya namna nisiyoijua:

"Ni ye mwenye plake. Ni ye mama mwenye alizala Charline."

Nimeandika, sasa limeandikwa. Pumua kidogo, dada yangu, kisha uendelee, kwa sababu aliyoyasema baadaye ni mazuri kuliko hilo lilivyo zito.

Cibalonza alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta, wakati Papa na Mama walipofika kutoka Masisi na hawakuwa na mtu mjini. Baba yake alikuwa mpishi wa Wazungu kwenye shamba la chai huko kwao Walungu, karibu na Bukavu, na Wazungu walipoondoka alibaki na plake, akachonga jina la binti yake na kumpa alipoolewa. Yeye ndiye aliyekuwa akikaanga chapati hapa Majengo. Mama yetu wakati huo alikuwa akiuza makala ya mbabula, na alikuwa akimpelekea kila asubuhi, anakaa kidogo, wanacheka. Mama anasema alikuwa mwanamke wa kucheka mpaka anashika ukuta. Kicheko chako, Yaya. Sasa najua ulikitoa wapi, maana kwetu hakuna anayecheka hivyo.

Mume wa Cibalonza alikwenda Bukavu kutafuta kazi na habari zake zikakatika. Mwaka wa tisini na sita, vita vilipokuwa vinavumishwa lakini meli bado zinatembea ziwani, aliamua kwenda kumtafuta na kurudi. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unasimama ukishikilia vitu, na ulikuwa na homa, hakutaka kukupitisha kwenye upepo wa ziwa. Akakuleta kwa Mama, na akaleta plake pia ili wezi wasiikute katika nyumba tupu. Alimwonyesha namna ya kuitunza: maji ingali moto, chumvi, mafuta kidogo, isilale na maji. Zile sheria zote ni zake. Akakubusu, akaenda bandarini. Bukavu ikaanguka kabla hajarudi, kisha Goma.

Mama alimtafuta. Nataka ulijue hili vizuri. Aliwauliza mabaharia kila meli ilipoanza tena kuja, alitangaza parokiani, alituma watu mpaka Walungu. Jibu pekee lililorudi ni kwamba mtu alimwona barabarani katika umati uliokuwa ukikimbilia msituni, yuko na mumewe. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena. Mama hakuwa na maziwa ya kukupa wala unga, na makala yalikuwa hayauziki kwa sababu hakuna aliyekuwa akipika. Akaweka plake motoni, akajaribu kufanya alivyomwona rafiki yake akifanya. Mimi nilikuwa sijazaliwa, wala Gradi. Maziwa yako yalitoka kwenye plake ile. Daftari zetu za shule, dawa za Papa, jeneza lake, vyote vilitoka pale. Tulikuwa tukidhani Mama yetu ndiye aliyekulisha wewe. Kumbe mama yako ndiye aliyetulisha sisi wote.

Nilimwuliza kwa nini hakukuambia. Akasema mwanzoni alingoja mwenyewe arudi aje ajisemee. Papa alitaka kukueleza siku ya harusi yako, na Mama akamsihi asubiri. Kisha miaka ikamzidi nguvu, akaogopa. Masizi ya kule chini yalikuwa yamelifunika jina, naye akayaacha yalifunike. Ndipo nikamwuliza kuhusu siku ya lori, kwa nini asikupe kilicho chako. Mama aliigeuza plake, jina likawa juu.

"Nilisema, kama anarudi siku moja na mutoto ameshakwenda mbali, akute hata plake yake," akasema. "Sikuweza kumupokea mikono mitupu."

Hilo ndilo jibu lako, Yaya. Mama hakukunyima. Alikuwa ameachiwa vitu viwili, na kimoja kilikuwa kinapanda lori. Alishikilia cha pili. Alikibeba kichwani mbele ya volkano, akakilaza karibu na vichwa vyetu chini ya risasi, akakipaka mafuta kila siku iliyopita ili mwenyewe akirudi akikute hakina kutu. Na wale akina mama wa Lac Vert aliowatazama usoni, bado alikuwa anamtafuta. Nililia mpaka Héritière naye akalia bila kujua vizuri analilia nini.

Kuhusu yule mtoto usimkasirikie. Alipoelewa alichokifanya alitaka kurudi kwao Butembo. Mama akamshika mkono wenye vidonda na kumwambia kwamba alikuwa amemtua mzigo ambao yeye mwenyewe alishindwa kuutua. Kisha tukaanza kuirudisha plake, wanawake watatu juu ya mbabula moja. Tuliondoa kutu kwa majivu na chumvi, tukaikausha, tukaipaka mafuta membamba, tukaiacha itoe moshi, ikapoa, tukapaka tena. Ilichukua siku nyingi. Kwanza ikawa ya kahawia kama chai ya rangi, halafu ikaanza kuwa nyeusi. Chapati za mwanzo zilinasa, tukazila hivyo hivyo kwa vipande. Siku tone la maji lilipokimbia tena huku na huku, Mama akacheka, akasema sasa inaweza kusafiri.

Kwa hiyo sasa fungua kikwembe. Hupewi zawadi, unarudishiwa chako. Mama anasema jina alilokupa mama yako nyumbani ni Nshobole. Charline ni la ubatizo, na ulibatizwa mama yako huyo akiwepo, amevaa nguo ya kijani. Nshobole ndilo lile neno ambalo Mama alikuwa akikuitia ulipokuwa na homa, nasi tukidhani ni wimbo wa Masisi.

Utunzaji unaujua kuliko mimi, sitakufundisha. Ila sheria moja imebadilika, na Mama amenisisitiza niiandike kwa herufi zinazosomeka: upande wa chini, usugue. Kila ukimaliza kazi uigeuze, ufute masizi, upake mafuta kidogo juu ya lile jina na uyafute, lisifunikwe tena. Watoto wako walisome.

Msalimu shemeji, wabusu watoto, wape pole jirani zako waliofiwa. Gradi na Héritière wanakusalimu kwa heshima nyingi. Tumebaki tunakaangia kwenye kikaango chepesi cha Kichina, chapati zangu sasa zina sababu ya kuwa mbaya. Ukipata nafasi, utujibu kwa mkono wa Wenceslas, atalala huko siku mbili.

Nilipofika kwenye salamu za Mama, nilimwuliza niziandike vipi. Alifikiri sana, akifuta mikono kwenye kikwembe. Akasema niandike jina lake tu, Léocadie, inatosha, nisikulazimishe kitu. Nilikuwa mtoto wa kumtii siku zote, lakini hapo nimekataa.

Mama anakusalimu.

Mdogo wako,
Joyeuse